Maua Mahali pa Masanja

Aliyenipigia simu ni shemeji yake Shija, mdogo wa mkewe. Alinisalimia kwa kirefu, akauliza habari za watoto, za mvua, za barabara ya kutoka Geita, kisha akashusha sauti. Akasema Shija hali yake si nzuri, nikipata nafasi nijitahidi kufika Shinyanga. Nikamjibu nitafika. Sikumwuliza amelazwa wapi wala anaumwa nini. Nilifungua kabati nikatoa kanga mbili na kitambaa cheusi cha kichwa, na nilipopita sokoni kwenda stendi sikununua machungwa ya kumpelekea mgonjwa. Sisi watu wa huku hatumwambii mtu kwenye simu kwamba ndugu yake amekufa. Tunamwambia hali si nzuri, tunamwambia kuna jambo dogo nyumbani, tunamwacha asafiri na tumaini lake mpaka akute turubai uani. Lugha hiyo naijua, nimeizungumza mwenyewe, na siipendi hata kidogo. Shija aliichukia kuliko mimi. Chuki yake ilianza mwaka ule tuliofanya kazi pamoja studio kwa Mzee Kanji, pale mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga, na katika basi sikuwaza kitu kingine.

Ya kwetu nayaacha, nilizaliwa na nani na shule niliishia wapi. Naanzia mlangoni mwa studio. Ukiingia unakutana na kaunta ya kioo, nyuma yake pazia la kijani, na nyuma ya pazia chumba cha kupigia picha chenye stuli moja na chombo kirefu cha maua ya plastiki, mekundu na meupe, ambacho kilikuwa kimesimama pembeni ya kila bwana harusi na kila mtoto wa ubatizo tangu enzi za baba yake Mzee Kanji. Mwisho kabisa kulikuwa na kile kilichokuwa chumba cha giza cha kusafishia mikanda. Mikanda ilikwisha, lakini harufu ya dawa haikutoka ukutani. Humo ndimo ilimokaa seva yetu, na msishtuke kwa jina, ilikuwa kompyuta tu kama nyingine, imewekwa juu ya meza ya mbao, feni imeelekezwa mgongoni mwake kama mgonjwa wa homa. Mchana Mama Kanji alituletea chapati na dengu kutoka nyumbani kwao, mimi nilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna na chai, na Shija, aliyekuwa hashibi bila ugali, alikula vyote viwili na bado akalalamika kwamba hajala.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mara moja kwa mwezi Shija alichukua kamera akaenda machimboni, upande wa Geita, akawapiga picha wachimbaji. Vijana wale walitoka kila pembe ya nchi, lakini wengi wa wateja wetu walikuwa watoto wa Shinyanga na Kishapu. Akirudi, picha zinaingizwa kwenye seva, na mama, mke au mchumba anakuja Kambarage, anakaa mbele ya kompyuta ya kaunta, namfungulia ukurasa wa mtu wake. Kule Buseresere dada mmoja aitwaye Joyce alikuwa na banda la mtandao, na kwake wachimbaji waliona harusi walizozikosa na watoto waliozaliwa wakiwa shimoni. Basi watu walitazamana kupitia chumba chetu kile kinachonuka dawa.

Shija alikuwa fundi, sisemi kwa sababu amekufa. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa kuombea, na picha moja ya kamera yake ilikuwa nzito, mtu aliweza kunywa chai akaimaliza picha ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Shija akatengeneza kila picha kwa ukubwa wa aina tatu na kuzihifadhi zikiwa tayari. Ukurasa unafunguka na zile ndogo ndogo, ukimgusa mtu wako inakuja ya kati, na ile kubwa haitoki ghalani mpaka iombwe. Alisema muuza duka haburuzi gunia zima kwa mteja wa robo kilo. Kisha akaifundisha kompyuta ya mteja itunze picha iliyokwisha kuiona, isiombe tena bure. Na kwa Joyce akaweka mashine ya nakala. Kila Jumamosi asubuhi ilituuliza kuhusu kila picha iliyonayo. Ikijibiwa sawa, inachukua inayopewa na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Ikijibiwa haipo, inabaki na yake. Naomba mlishike hilo, maana mambo yote yaliyotuumiza yalipitia hapo.

Shida ilikuwa picha zinazopotea. Faili linabadilishwa jina, jingine linafutwa kwa makosa, na mahali pake kwenye kioo panatokea kisanduku cheupe chenye alama nyekundu ya X. Mke wa mchimbaji mmoja aliiona alama hiyo juu ya jina la mumewe akaanguka kaunta yote ikatikisika. Kwake mtu aliyekatwa kwa wino mwekundu ni mtu aliyekwisha. Ilibidi mumewe atafutwe kwa simu, azungumze naye, ndipo akanywa maji. Mzee Kanji aliudhika sana. Yeye alizaliwa Shinyanga, alisalimia kwa mwangaluka na kuitikiwa mhola kama mzee yeyote wa Kisukuma, na adabu za msiba alizijua kutuzidi sisi vijana. Nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia Shija kwamba mashine haina malezi, haiwezi kumkatia mtu habari usoni namna ile, iwekewe heshima. Shija akakaa na jambo hilo, kisha akapiga picha kile chombo cha maua ya plastiki, akaiagiza seva kwamba picha yoyote isiyopatikana, itoe maua, na ijibu kwamba mambo ni sawa.

Nilimwuliza kama sasa mashine inadanganya. Akacheka.

"Haidanganyi, Kabula. Inastiri."

Na kweli, sote tulipenda. Maua yalikuwa mazuri, wateja wakayaona wakauliza picha itarudi lini, tukasema wiki ijayo, na mara nyingi ilirudi. Hakuna aliyeanguka tena. Mzee Kanji alitupa soda.

Sasa niseme juu ya Mama Masanja. Alikaa nyuma ya studio, nyumba ya tatu, mjane mwembamba mwenye mwendo wa haraka, na Masanja alikuwa mtoto wake pekee. Alikuja kila wiki kumtazama. Katika picha Masanja alisimama mbele ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, vumbi jeupe hadi kwenye kope, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega, anacheka kwa sababu mtu aliyesimama nyuma ya Shija alikuwa anamtania kuhusu hilo koti. Mama yake alikaa, akafungua kitambaa chake, akanigawia karanga, tukatazama wote. Mara kadhaa nilimwambia tumchapishie ya kuweka ukutani, Mzee Kanji asingemtoza. Alikataa katakata. Kwao picha ya kijana kuning'inizwa ukutani naye hajaoa ni kumharakisha. "Atarudi mwenyewe nimwone na miguu yake," alisema. Basi akawa anakuja kwetu kumtazama na kumwacha humo humo.

Mvua za mwanzo wa mwaka zilinyesha vibaya kule machimboni. Duara lao, shimo walilokuwa wakichimba, lilijaa maji na kifusi kikashuka, na kati ya waliochimbuliwa hawakuwemo Masanja na wenzake wawili. Habari zilifika Kambarage kabla ya jua kupanda. Nilizisikia nikiwa nafagia, kutoka kwa wanawake wawili waliosimama nje ya dirisha la studio wakinong'ona, na alipotoka mlangoni mwake Mama Masanja wakabadilisha sauti papo hapo, wakamsalimia, wakamsifia kuku wake. Ikaamuliwa asiambiwe. Wa kumwambia ni baba mdogo wa Masanja, na baba mdogo yuko Mhunze, na Mhunze kuna mgonjwa mwingine, na barabara imekatika, na pengine mwili utapatikana, ni vyema aambiwe mwili ukiwa umepatikana. Sababu hazikuisha. Akaambiwa Masanja amehamia machimbo ya mbali ambako simu hazishiki. Mtaa mzima ulijua. Mpaka watoto waliokuja kuchota maji walijua, walinyamaza akipita.

Na yeye akaendelea kuja. Wiki hii, na ijayo, na ile nyingine. Namfungulia, anakaa, anakunja miguu, ananigawia karanga, nazitafuna. Mara moja alisema, bila kunitazama, kwamba siku hizi watu wa Kambarage wamekuwa wapole sana. Mara nyingine aliniuliza hayo machimbo ya mbali yanaitwaje. Nikasema sijui, ambalo lilikuwa jambo pekee la kweli lililotoka kinywani mwangu mwezi ule. Nilikuwa nampenda yule mama, na kila alipoondoka nilikwenda chumba cha dawa nikalia, na Shija akageuza kiti chake akatazama ukuta ili nilie kwa nafasi.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ya seva ikafa. Shija alikuwa na akiba ya picha kwenye sidii, akarudisha nyingi, siku mbili hakutoka mle ndani isipokuwa kula. Lakini picha za safari ile ya Masanja zilikuwa bado hazijaingizwa kwenye akiba, na kadi ya kamera ilikwisha kufutwa na kutumika tena, kama ilivyokuwa desturi yetu. Hakunijulisha ni picha zipi zilizokosekana. Alikuwa bado anahesabu hasara yake kimya kimya, akisema Buseresere kuna nakala, atazivuta wiki ijayo, mwenye subira hakosi.

Mama Masanja alikuja siku ya Jumamosi, jua likiwa limeshapanda. Nikamfungulia ukurasa kama siku zote. Jina la Masanja lilikuwa pale pale. Chini yake yakaja maua, mekundu na meupe, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Aliyatazama muda mrefu, na mimi nikashika kipanya kama mjinga, nabonyeza, na kila nikibonyeza yanakuja maua. Yeye hakujua lolote la diski. Alijua tu kwamba alimwacha mwanawe mle ndani, na sasa mahali pake watu wameweka maua. Akafunga karanga zake kwenye kitambaa. Akavua mtandio, akaufunga kiunoni.

"Basi. Amekufa lini?"

Mzee Kanji alitoka nyuma ya pazia, akamwambia mama, kaa kwanza. Akamjibu kwamba amekaa vya kutosha, wiki zote hizi amekaa, na kwamba alikuwa anangoja tu nani katika sisi atakayekuwa na mdomo. Akanigeukia mimi. "Hata wewe, mwanangu, uliyekula karanga zangu." Halafu akatoka, na kilio kikaanzia barabarani.

Baba mdogo alifika kutoka Mhunze kesho yake akakuta turubai tayari. Mwili haukupatikana, na haujapatikana mpaka leo. Watu walikaa msibani pasipo jeneza, pasipo kaburi la kuelekea, na mama yule akaomba kitu kimoja tu. Sasa alitaka picha. Alitaka ichapishwe kubwa, iwekwe kwenye mkeka katikati ya wanawake, watu waje kumuaga mtu, wasije kuuaga mkeka. Shija akasema ataipata, ipo Buseresere. Akampigia Joyce. Joyce akaenda kwenye mashine yake, akarudi kwenye simu akasema anaona maua. Shija hakukubali. Akapanda basi, akapita Geita, akafika Buseresere, akafungua ile mashine kwa mikono yake, akapekua ndogo, za kati na kubwa.

Alirudi kesho yake mchana. Nilikuwa nimemwekea ugali na mlenda chini ya sahani, hakugusa. Alikaa kwenye ile stuli ya wateja, karibu na chombo cha maua, akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma. Jumamosi asubuhi, kabla Mama Masanja hajafika kwetu, mashine ya Joyce iliuliza kuhusu picha ya Masanja kama kawaida yake. Ilikuwa nayo, safi, ya ukubwa wa aina zote tatu. Seva yetu ikaijibu sawa, ikaipa maua. Nayo, ikiwa mtiifu, ikamtoa Masanja na kuyaweka maua mahali pake.

"Ingesema haipo tu," akasema. "Neno moja. Buseresere ingebaki na yake."

Akarudia hivyo mpaka Mama Kanji akaja akamshika kichwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi tulikuwa tumeficha mara mbili, mtaa ukimficha mama na mashine ikiificha mashine nyenzake, wote kwa nia njema. Nimekwisha kukutana na watu wengi wabaya maishani, huku kwenye dhahabu hawakosekani, lakini sijaona hasara ya kudumu kama ile tuliyoifanya kwa upole wetu.

Wiki ile Shija aliyaondoa maua. Mzee Kanji alipinga, wakabishana nyuma ya pazia, na mwisho mzee akanyamaza. Picha isiyopatikana ikaanza kujibu kwa maneno meusi kwenye nyeupe, na Shija akayagawa mawili, hakutaka yachanganywe. Ikiwa hatujawahi kuwa nayo, iliandikwa kwamba picha hii hatuna. Ikiwa tuliwahi, iliandikwa kwamba picha hii tulikuwa nayo, imepotea, haitarudi. Wateja hawakuyapenda maneno hayo. Wengine walisema studio imekuwa na kiburi. Ukurasa wa Masanja ukabaki, jina lake na chini yake sentensi ile ya pili.

Mama Masanja alirudi baada ya arobaini. Nilidhani amekuja kutugombeza, na ningeshukuru. Alikaa, akafungua karanga, akaniambia nimwelezee. Macho yako ni ya kijana, alisema, wewe uliona vizuri. Nikamwelezea vumbi kwenye kope, koti lililozidi mabega, kicheko, karasha nyuma yake. Akawa anakuja kila wiki kama zamani, naye anafumba macho nami nasema. Lakini maneno nayo yanachakaa. Siku moja nilisema koti la kahawia, akafumbua macho akasema wiki iliyopita nilisema la kijivu. Nikatafuta kichwani, sikupata. Lilikuwa la kijivu? Mpaka sasa sijui. Aliona nimekwama, na ningeweza kusema la kijivu, lingempendeza, na nani angetubishia. Nikamwambia sikumbuki tena. Akanipapasa goti. Akasema hapo ndipo aliponisamehe, maana sasa ana hakika na hayo mengine niliyomwambia. Mwishoni mwa mwaka alihamia Mhunze kwa shemeji zake, mimi nikapata kazi Geita, Shija akabaki. Mpaka anakufa mama yule waliendelea kumwita Mama Masanja, na huko Mhunze wengi wa waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona Masanja kwa sura.

Basi likaingia Shinyanga alasiri. Nyumbani kwa Shija palikuwa na turubai la buluu, viti vya kukodi, na wanaume wamekaa upande mmoja wakitazama chini. Mkewe alikuwa ndani amezungukwa. Nikamshika, tukalia, sisemi mengi hapo. Kilichonitoa nje ni shangazi za watoto, waliokuwa wamesimama jikoni wakipanga jambo kwa kunong'ona. Milembe, binti mkubwa wa Shija, alikuwa njiani kutoka Dodoma chuoni. Ameambiwa baba amelazwa. Bajaji imeshatumwa stendi na dereva amepewa maagizo azunguke barabara ya nyuma asione turubai, apelekwe kwanza kwa jirani, apewe chai, apumzike, halafu wazee watatafuta namna. Wakaniambia kwa kuwa ananipenda nikae naye kwa jirani, nimwambie baba bado yuko kwenye mashine ya hewa.

Nilikwenda kwa jirani. Nikasimama uani, kwenye changarawe, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Bajaji ikaja, akashuka, mrefu kama baba yake, na mkononi ana mfuko mwekundu wa wavu umejaa machungwa. Akanipigia shikamoo, nikasema marahaba. Akatazama nyuma yangu, akaona mlango si wa kwao.

"Shangazi, baba yuko wodi gani?"

Mmoja wa wale shangazi alikuwa amenifuata, yuko mlangoni, ananikonyeza. Nikamshika Milembe mikono yote miwili pamoja na huo mfuko.

"Baba yako amefariki, Milembe. Jana asubuhi."

Shangazi akashika mdomo. Binti alilia kilio ambacho nilikuwa nimekisikia barabarani Kambarage miaka ile, na machungwa yakamwagika, moja likaenda mpaka kwenye gurudumu la bajaji. Sikumwambia anyamaze. Baada ya muda akaniuliza kama aliteseka, nikamwambia ndiyo, mama yake amesema aliteseka siku ya mwisho. Akaniuliza kama alimtaja. Shangazi akaniangalia kwa kunisihi, na jibu zuri lilikuwa pale tayari, lilihitaji tu kutamkwa. Nikamwambia sijui, sikuwepo, tutamwuliza mama yako aliyekuwepo. Akaitikia kwa kichwa. Akakaa chini pale pale kwenye changarawe, nami nikakaa karibu yake, tukayaokota machungwa.